Kitu Kizito Kisichoshika Kutu

Jumatatu, 4 Machi
Bia yangu imeshachacha, imo ndani ya pipa la chuma, imebaki kutiwa harufu tu. Jumamosi baba mkwe ataonja yangu na ya shemeji, kaka wa mke wangu, daktari wa meno mwenye majivuno. Halafu aamue nani atengeneze bia ya sherehe yake ya kustaafu. Nitamfunika! Siri yangu: maua makavu ya hopsi, yale yanayoipa bia harufu, ndani ya mfuko, ndani ya bia baridi, siku nne. Kitabu changu cha kutengeneza bia kinataka mfuko ufungwe kwa uzi wa kusafishia meno. Nikaenda kliniki kwa shemeji, nikajifanya fizi zinauma. Uzi nimepewa bure. Jino nalo likang'olewa.

Jumanne, 5 Machi
Mfuko umepatikana: soksi ndefu ya mke wangu, mpya, nimeichemsha. Nikaitia maua, nikaifunga kwa uzi, nikaitumbukiza. Ikaelea! Kitabu kinasema tia kitu kizito kisichoshika kutu. Nati za baiskeli? Kutu tupu. Nikakuna kichwa, macho yakatua kwenye pete yangu ya ndoa. Dhahabu! Akili ninazo, jamani. Nikaitia ndani ya soksi, soksi ikazama. (Niliisukuma kwa mwiko, lakini ilizama.) Sikukumbuka kutoa gesi kwanza. Povu hadi darini. Nikafunika haraka, uzi wote ukaingia humo humo.

Jumatano, 6 Machi
Mke wangu kauliza pete iko wapi. Nikasema kidole kimevimba, nikamwonyesha bendeji. Kaitazama bendeji, kanitazama usoni, kaenda zake chumbani. Afadhali angefoka.

Alhamisi, 7 Machi
Nimejaribu kuiopoa kwa hanga ya nguo. Nimeopoa povu. Mke wangu analia jikoni, na hakati kitunguu hata kimoja. Nilitaka kumwambia yote. Lakini atasema pipa limwagwe, na Jumamosi hiyo hapo! Nafsi inanisuta vibaya.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji kaja na gari. Kasema atanisaidia kupeleka pipa kwa mzee, kwenye friji kubwa. Kabla sijafungua mdomo, ambao bado umevimba, kaondoka nalo. Pete yangu ya ndoa imo mikononi mwa adui! Sijala.

Jumamosi, 9 Machi
Bia ya shemeji ilitoka vizuri, bahati mbaya. Yangu: tone moja, basi. Soksi imeziba mrija. Shemeji huku akicheka akafungua pipa mbele ya ukoo mzima, akavuta uzi wake mwenyewe. Mke wangu akasema hiyo ni soksi yake. Ikachanika. Pete ikadondoka miguuni pake. Nikafumba macho.

Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini! Akasema alidhani pete nimeshampa mwanamke mwingine. Akaniita mjinga mara tatu, huku akijifuta machozi. Sijawahi kusikia neno tamu kama hilo. Nilipumua, nikahisi sijapumua tangu Jumanne.

Baba mkwe akachota bia kwa kikombe, akanywa, akachota tena. Akasema inanukia bustani, tena inaacha kinywa safi. Uzi ulikuwa wenye ladha ya mnanaa. Nimeshinda!

Jumapili, 10 Machi
Nimemwapia mke wangu kwamba pete haitoki tena kidoleni. Na haitatoka, mimi si mtu wa kurudia kosa. Kosa lilikuwa kwamba pete ni nyepesi mno. Sherehe inataka pipa kubwa zaidi, na soksi mbili. Bangili yake ya dhahabu ni nzito kweli kweli, na huivua kila akienda kuoga.