Mpira Hautoki Bila Fomu

Jumatatu, 4 Machi

Kumi na mbili kwa arobaini na moja. Nimeyaandika matokeo hapa ili nisilazimike kuyasema tena kwa mdomo. Leo mlinzi wa getini kaniuliza, mpishi wa kantini kaniuliza, hata dereva wa lori la maboksi kaniuliza, na yeye mchezo wenyewe haujui.

Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni, mwaka wa kumi na sita sasa, na kocha wa timu yetu ya wanawake ya mpira wa kikapu, mwaka wa pili. Juzi tulifungwa na timu ya idara ya maji. Kocha wao ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Hilo linaniuma kuliko pointi.

Meneja kaniita ofisini. Tunarudiana Jumamosi hii, uwanja wetu. Tukifungwa tena, filimbi anapewa mpishi wa kantini, kwa sababu eti alicheza akiwa shule. Nikamwambia hata mimi nilisoma shule. Hakucheka.

Siwezi kuipoteza filimbi hii. Ndiyo kitu pekee kiwandani kinachowafanya watu wageuke nikiwaita.

Swali ni moja: wanatunasaje? Hawamkabi mtu na mtu wake. Kila mmoja analinda eneo lake, wametulia kama watu wanaosubiri basi. Kisha ghafla wawili wanamvamia mwenye mpira, wanamfungia pembeni karibu na mstari, mikono juu, na wa kwetu anabaki ameukumbatia mpira mpaka refa anapuliza. Mara kumi na tisa! Nani anawaambia waanze? Ishara sikuiona.

Jumanne, 5 Machi

Utafiti. Nimetoa stoo miche kumi ya sabuni, mitano myeupe, mitano ya kijani (fomu nimejaza, nimejisainia mwenyewe mara mbili). Nikaipanga juu ya kaunta na kifungo cha shati kikawa mpira. Meneja akaingia akanikuta nimepiga magoti, jicho usawa wa sabuni. Akauliza kama ninaumwa.

Mchana Kapteni wetu, fundi wa boila, kanionyesha video ya mechi kwenye simu yake. Tumeitazama mara sita. Nimegundua jambo! Hakuna ishara. Wanavamia pale tu wa kwetu anapofika pembeni, akaacha kudunda, akaanza kuangaza macho amtafute wa kumpa. Kila mara! Nilifurahi hadi nikamwagia chai sabuni za kijani.

Kapteni akasema basi ni rahisi, tunakaa nao mno, tuuachie haraka. Nikamweleza kwamba haraka ndiyo iliyotufikisha hapa. Wanaangaza macho kwa kuwa hawajui nani anautaka mpira. Hakuna utaratibu. Je, stoo imepoteza kitu gani miaka kumi na sita? Hakuna. Kwa nini? Fomu.

Nimepata dawa. Sijalipata jina.

Jumatano, 6 Machi

Jina nimepata: Pasi ya Kibali. Anayetaka mpira ananyoosha mkono na kutaja namba yake. Mwenye mpira anairudia namba ile kwa sauti. Mwombaji anaitikia. Ndipo mpira unatoka.

Tumefanya mazoezi saa nzima bila wapinzani. Hakuna mpira hata mmoja uliopotea! Ngazi, yule mpakiaji wetu mrefu ambaye kwa wiki husema maneno kama manne hivi, akauliza itakuwaje watu wawili wakiwa juu yake. Nikamjibu kwamba hata mwenye haraka hujaza fomu.

Mpishi alikuwa amesimama mlangoni pa kantini na upawa mkononi. Akauliza wapinzani wako wapi. Nikamwambia wangetuvurugia mfumo. Akarudi ndani. Nilimsikia akicheka na masufuria yake.

Alhamisi, 7 Machi

Upelelezi. Nimekwenda kwa dada kula chakula cha mchana, jambo ambalo sijalifanya tangu mwaka jana, na dada akaniuliza papo hapo nimekuja kutafuta nini. Nikasema nimewakumbuka tu. Akaniambia ninawe mikono.

Nilikuwa nimeandaa maswali ya kuzungukazunguka. Sikuyahitaji. Shemeji kaitaja mechi mwenyewe kabla sijamaliza kumeza. Akachukua vikombe, akavipanga mezani, akavisogeza viwili vikabana kijiko pembeni.

"Shemeji, weka mtu katikati," akasema. "Wawili wangu wakimfunga mmoja wako kule pembeni, katikati pananibakia wazi. Pale ndipo ninapoogopa."

Akaniongezea mboga.

Nimeshindwa kuelewa. Adui gani anakupa ufunguo huku anakupakulia? Nikamfuata dada jikoni, nikamnong'oneza kama mumewe ni mtu wa hila. Dada akasema mumewe hawezi kudanganya, hata zawadi hajawahi kumficha, huanza kucheka akiwa mlangoni. Hapo ndipo nilipopata wasiwasi wa kweli. Mtu ambaye hajawahi kudanganya ana akiba kubwa mno ya uongo. Jumamosi ndiyo siku ya kuitumia.

Kwa hiyo mtego halisi uko katikati!

Ijumaa, 8 Machi

Nimechora boksi la chaki katikati, mbele ya goli lao. Nimetangaza kwamba ni marufuku kulikanyaga. Ngazi, anayependa kusimama hapo hapo, kauliza asimame wapi sasa. Pembeni, nikamwambia. Akaenda pembeni kama mtu aliyehamishwa idara.

Saa tisa, kwa sababu jambo hili la mitego limenikaa kichwani, nimetega mtego wa panya nyuma ya magunia ya magadi, nikakaa juu ya ndoo kutazama. Jambo la ajabu. Panya wa kwanza kapita mbio juu ya mtego wenyewe, hakunaswa. Wa pili kasimama, akanusa, akafikiri. Pah! Maskini. Nilimhurumia, ila nimevutiwa sana. Anayepita hanaswi, anayesimama ndiye.

Hili halihusiani na mpira, nimeliandika tu.

Jumamosi, 9 Machi

Siku yenyewe. Nimeamka mapema, filimbi nimeisugua kwa sabuni yetu.

Kipindi cha kwanza: sita kwa kumi na tisa. Pasi ya Kibali ilianza vizuri. Namba saba kanyoosha mkono, kataja namba. Ngazi pembeni kaanza kuirudia. Kabla hajaimaliza, wawili wa idara ya maji wakamfunika, mikono juu, na sauti yake ikawa inatoka kwapani mwao: saba, saba, saba. Refa akapuliza. Ikawa hivyo mara kumi na moja. Katikati, boksi langu la chaki lilibaki safi kabisa, hakuna aliyelikanyaga. Nidhamu hiyo ilinipa moyo.

Kipindi cha pili hakijaanza, meneja kaja mbio. Lori limefika, dereva hasubiri, stoo ifunguliwe. Akaniomba ufunguo. Nikamkumbusha kwamba ufunguo hautolewi bila fomu yenye sahihi mbili, na kitabu cha fomu kimo ndani ya stoo. Ilibidi niende mwenyewe. Filimbi nikaiacha juu ya benchi. Mpishi alikuwa amekaa hapo hapo.

Dereva kakosea fomu mara tatu. Kila kelele iliyotoka uwanjani ilinichoma. Walikuwa wanashangilia nini? Nani alikuwa anashangilia? Sijawahi kutamani kujua kitu kiasi kile, na huku ninahesabu maboksi.

Niliporudi mechi ilikuwa imekwisha. Thelathini na moja kwa ishirini na nane. Sisi!

Walikuwa wamembeba Ngazi. Viatu vyake vimejaa chaki. Nikamuuliza Kapteni mlifanya nini. Akasema, "Tulipasi tu, kocha." Nikamuuliza mpishi aliwaambia nini. Akasema neno moja tu, katikati. Shemeji akaja, akanikumbatia kwa dhati na kunishukuru kwa kumsikiliza. Nikamwambia karibu.

Jumapili, 10 Machi

Nimewaza siku nzima. Kwa nini tulishinda? Jibu limekuja nikiwa nafua: mafunzo ya Jumatano yalichelewa kuwaingia. Dawa nyingine ndivyo zilivyo.

Jumatatu, 11 Machi

Meneja kanipongeza. Kisha akasema kila mtu aliona nani alikuwa benchi. Filimbi ni ya mpishi.

Imeniuma. Nilikwenda nyuma ya magunia nikakaa juu ya ndoo mpaka saa ya kutoka. Hata panya hakupita.

Wakati wa kufunga, meneja kachungulia. Akaniuliza kama ningependa niwe mtunza mipira rasmi wa timu, mipira yote sita ikae stoo kwangu. Nikasimama.

Jumanne, 12 Machi

Mipira imeingia kitabuni. Nimeipa namba.

Saa kumi timu imekuja kuchukua mipira ya mazoezi. Nikawaeleza: sahihi mbili, ya kocha na ya kapteni, nakala tatu. Mpishi akaja upande huu wa kaunta, Kapteni upande ule, wote wawili mikono juu, wananiambia niutoe. Mimi niko kwenye kona, nimeukumbatia mpira namba moja, ninaangaza macho nani ataanza kusaini. Kati yao, kwa nyuma, alikuwa amesimama Ngazi, peke yake, mkono wazi, kimya. Sikumpa. Hakuwa amejaza fomu.

Mpishi akapuliza filimbi. Mpaka sasa najiuliza kosa lilikuwa lipi.