Saa Moja ya Kuongeza

Jumatatu, 12 Agosti
Thora Heslop yuko kwa bibi yake, mlango wa pili kutoka kwetu, mpaka Jumamosi asubuhi. Leo aliniuliza, akiwa upande wa pili wa ua wetu, kama mtu anaweza kuuzunguka mji wetu wote kwa miguu kwa siku moja. Nikajibu, "Ndiyo." Neno zima. Kwangu hiyo ni hotuba. Nina miaka kumi na tano na lugha mbili, Kiingereza siku za shule na Kipolandi Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, na nikikutana na mtu zote mbili zinanikimbia. Akasema basi nimtembeze Alhamisi. Nikaitikia kwa kichwa, kisha nikaenda kukaa bafuni nusu saa.

Nataka kitu kimoja tu. Akirudi kwao Leeds, awe anataka kutembea nami tena.

Jumatano, 14 Agosti
Mpango umekamilika. Nimeandika kadi thelathini na moja, kila mahali na kadi yake. Kadi ya 4: historia ya gati. Kadi ya 9: mzaha kuhusu shakwe. Kadi ya 17: "Na wewe je?" Hiyo inafaa popote.

Kilele cha safari ni ghuba ndogo nyuma ya rasi tunayoiita Pua ya Padri. Huko hakufikiki ila maji yakipwa. Kijitabu cha dukani kwa wauza ndoano kinasema kesho maji yatakuwa chini kabisa saa sita mchana. Ila mimi si mgeni hapa. Kila mtu wa pwani hii anajua kwamba vijitabu hivi hufuata saa za majira ya baridi, kwa hiyo kiangazi, saa za nchi nzima zikisogezwa mbele, unaongeza saa moja. Wageni hawaongezi, ndiyo maana kila mwaka wanaokolewa wakiwa na viti vyao vya kukunja. Nimeongeza. Saa saba kamili.

Barnaby Sleight, anayewapandisha watoto punda ufukweni, amesikia habari zangu. Amemwambia Thora akichoka kusikiliza kimya changu, kuna punda. Bure. Thora alicheka. Nimeongeza kadi moja kuhusu magonjwa ya punda.

Alhamisi, 15 Agosti
Naandika nikiwa ndani ya blanketi mbili.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Gatini nilisoma kadi ya 4 bila kuinua macho. Thora alisema inapendeza. Kwenye mzaha wa shakwe, shakwe mwenyewe alishuka akachukua chipsi zangu zote, na Thora akacheka kabla sijafika penye kuchekesha. Aliniharibia mpangilio.

Saa saba na nusu tukaifuata Pua. Barnaby alikuwa tayari anawatoa punda mchangani. Akanipigia kelele, "We Profesa, maji yanarudi! Hata Gladys anajua!" Gladys ni punda. Nilimhurumia Barnaby. Kijana wa hapa hapa, hajui kuongeza saa moja.

Tukala sandwichi za kaa ghubani. Nilikuwa kadi ya 23 Thora aliponiuliza kama ni kawaida bahari kuwa pale. Nikamwambia tuna muda mpaka saa tisa. Saa nane na nusu njia ilikuwa imekwisha. Tukapanda kwenye mwamba, wimbi likaja likachukua mkoba, na kadi zote zikaondoka kuelekea Denmark.

Tulikaa pale dakika arobaini. Bila kadi sikuwa na la kufanya, nikabwabwaja. Nilimsimulia habari za bibi yangu wa Gdynia, kule Polandi, anayeogopa bata. Nilimwambia hata habari za bafuni. Thora alicheka mpaka kwikwi zikamshika. Aibu tupu.

Mashua ya uokoaji ilikuja, Barnaby ndiye aliyewaita. Mzee Cowling, muuza samaki wetu na nahodha wa kujitolea, aliniuliza kama nina kijitabu cha maji. Nilikuwa nacho mfukoni. Akafungua jalada la nyuma, akanionyesha maandishi madogo: saa moja ya kiangazi imekwisha kuongezwa. Akasema, "Wengine tunawaokoa kwa kutosoma, kijana. Wewe umesoma ukapitiliza."

Bandarini watu waliacha chipsi zao wakatupigia makofi. Mama alinigombeza kwa Kipolandi, halafu akarudia kwa Kiingereza ili majirani wasikose kitu.

Ijumaa, 16 Agosti
Sijatoka nje. Barnaby amepita chini ya dirisha langu na Gladys, akimsomea kwa sauti saa za maji. Nilitambua sauti ya Thora ikicheka. Basi, nimeshindwa na punda.

Jumamosi, 17 Agosti
Thora amebisha mlango kabla ya treni. Kasema Barnaby anachekesha dakika mbili, kisha ni punda tu. Kasema siku yake nzuri kabisa ilikuwa juu ya ule mwamba, nilipoacha kusoma nikaanza kuongea. Atarudi Pasaka, na je, tutatembea tena? Nikajibu, "Ndiyo." Akasubiri kidogo, kama mtu anayetegemea neno la pili. Sikuwa na kadi. Akaniaga, akaenda.

Nimekaa nimefikiri sana juu ya maneno yake, na kosa nimeliona. Karatasi.

Kadi za Pasaka zitafunikwa kwa plastiki. Nimeshaanza, ziko kumi na mbili, na ya kwanza inahusu mwamba. Mchana nilikwenda kwa wauza ndoano kuuliza kijitabu cha mwaka ujao. Hakijachapishwa bado, lakini mwenye duka alinikadiria saa za Jumatatu ya Pasaka kwa kichwa, na akasema saa ya kiangazi ameshaiongeza, nisiguse kitu.

Nimeziandika hapa. Nimeongeza saa moja, kwa usalama.