Chogo Langu na Mistari Yake

Jumatatu, 6 Mei

Leo pale kwetu kwenye uchapaji imeingia kompyuta mpya, ya kioo bapa. Moja! Akapewa Nadhifu, mwenzangu wa meza ya pili. Nimembatiza hivyo kwa sababu hufuta meza hata isipokuwa na vumbi. Mimi nimebaki na chogo: lile la zamani, kioo kimevimba mbele, mgongo umetuna nyuma. Katikati picha haina neno. Pembeni kila mstari unatoa kitambi.

Halafu bosi akatangaza kwamba mkuu wa usanifu anastaafu. Nadhifu atengeneze kalenda, mimi vyeti vya chuo cha ualimu. Atakayefanya vizuri zaidi, kiti chake. Nyumbani nilimwambia mke wangu aanze kuniita mkuu. Akasema nisikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa. Mwanamke hana imani huyu.

Jumanne, 7 Mei

Nimekumbuka: sumaku huvuruga picha ya kompyuta. Na spika kubwa ina sumaku kubwa! Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, hupiga muziki kwenye sherehe, akaniazima moja. Nikamwambia bosi kazi inakwenda vizuri kukiwa na burudani. Nikaiweka katikati ya meza zetu, kisogo kikimwelekea Nadhifu.

Nikasubiri kioo chake kiharibike. Wapi! Kumbe vioo bapa havijali sumaku. Chogo langu ndilo lililogeuka kijani upande mmoja, zambarau upande wa pili, na mistari ya pembeni ikazidi kitambi. Nadhifu alinishukuru kwa muziki, akaomba niongeze sauti. Najua mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nilikuwa nachimba cha mwenzangu.

Alhamisi, 9 Mei

Ugunduzi! Fremu ya cheti inavimba nje? Basi nimeikunja ndani, kiasi kile kile. Kwenye chogo langu ikanyooka, ikapendeza. Sijui kwa nini wengine hawakuliwaza hili.

Nadhifu alipita nyuma yangu akauliza kama nimepima. Nikamjibu fundi hodari hupima kwa macho. Nikavipeleka vyeti mashineni haraka, asije akaniibia wazo.

Ijumaa, 10 Mei

Vyeti vimerudishwa. Fremu zote zimebonyea, kila cheti kina kiuno. Mkuu wa chuo aliuliza kama tulivianika vikiwa vibichi. Bosi hakupiga kelele. Alisema nikusanye vitu vyangu. Niliogopa, sifichi. Nikawaza nitamwambia nini mke wangu.

Nadhifu akaingilia kati. Alimwambia bosi kosa ni la chogo, si langu. Kwenye kioo kama kile hakuna awezaye kuona mstari ulionyooka. Akajitolea tubadilishane, kioo bapa nichukue mimi. Bosi akalainika: nirudie vyeti Jumatatu. Vikiwa vizuri, kiti bado kiko wazi. Vikiharibika, nisirudi hata kuaga.

Nimefikiri jioni nzima. Mtu hawi mwema hivyo bure. Ananitega.

Jumatatu, 13 Mei

Nilijua! Nimewasha kioo bapa, nikachora mstari wa kwanza, nao pembeni umezama ndani. Nadhifu akasema umenyooka, ni macho yangu tu yamezoea kioo kilichovimba, niyape siku chache. Hata akaegemeza rula juu ya kioo kunionyesha. Nikatikisa kichwa kwa adabu. Kumbe ndiyo maana alikitoa kirahisi vile: kibovu!

Nilimsubiri aende kula. Nikaivuta mistari yote nje kidogo kidogo, mpaka jicho likaridhika. Vyeti vimeshachapwa na gari limevipeleka chuoni.

Wakati wa kurudi nyumbani nilipita kwa fundi wa vibao, nikaagiza cha mezani: Mkuu wa Usanifu. Alitaka kupima fremu. Nikamwambia aache, nikamchorea mwenyewe, kwa macho.