Kulasi Iliyokufa ya Mama Odile

Kassim alikuwa ameketi juu ya tairi bovu, akitafuna mkate, alipoiona pikapu nyeupe ikipanda polepole kutoka kivuko cha Alunguli kuingia Kindu, mvuke ukitoka mbele. Fundi mwingine angeona motokari mbovu. Kassim aliona motokari yake, ila mwenye nayo alikuwa bado hajaambiwa.

Niseme haki: ufundi aliujua. Shida yake ilikuwa mdomo. Mdomo ule ulishabadilisha cherehani ya mke wake, Ramla, kwa redio isiyosema. Ndiyo maana asubuhi ile Ramla, aliyenunua pikipiki ya nyumba kwa miaka minne ya kukaanga mandazi, alimwambia neno moja tu: "Leo ukirudi bila pikipiki, usirudi."

Kutoka kwenye pikapu akashuka Mama Odile, mjane wa dereva, muuza mawese, na mabido mawili, madumu ya plastiki, yaliyojaa mawese nyuma.

"Papa, nisaidie. Asubuhi naweka maji, saa ine radiatere iko kavu."

Kassim akainama. Tone la maji lilikuwa likianguka pale bomba la mpira linapoingia kwenye radiatere. Koliye, ule ukanda wa chuma unaobana bomba, ilikuwa imelegea. Mizunguko mitatu ya turnavisi, bisibisi yake, na kazi imekwisha. Furaha ilimpanda hadi masikioni, ikabidi avae haraka uso wa msiba.

"Mama, hii tone ya chini ni kitu kidogo. Maji inapotelea ndani."

"Ndani wapi?"

"Kwa kulasi." Akavua kofia. "Ile chuma kubwa ya juu ya moteri. Imekufa."

Fundi mwaminifu angesubiri radiatere ipoe, akaifungua, akawasha moteri na kutazama kama maji yanatoa povu. Povu likitoka, kulasi imesema yenyewe kwamba imekufa. Kassim alisubiri ipoe, akaifungua, akaishia hapo. Mtu anayetunga uongo ana haja gani ya kuupima?

Badala yake alichovya kidole kwenye kichupa cha mfukoni, mchanganyiko wa mawese na masizi, akakiingiza kwenye radiatere na kukitoa mbele ya macho ya mama. "Oili ndani ya maji. Unaona mwenyewe."

Sasa fikiria, ndugu msomaji: mtu mzima na akili zake anampelekea muuza mawese mawese puani. Mama Odile alikinusa kile kidole. Akamtazama Kassim usoni, akakinusa tena. Halafu akaketi chini na kuanza kulia.

"Mume wangu aliniachia hii motokari tu. Mawese yangu nitabeba na nini?"

"Usilie, mama. Uniachie hii chuma, nitatoa vipande vya kuuza. Wewe chukua pikipiki yangu. Sitaki mama ya watu ateseke."

Huruma yake mwenyewe ilikaribia kumliza. Lakini alikuwa mwangalifu: je, kesho mama akiiona pikapu inakimbia mjini, akaja na kaka zake? Akamwita Tshimanga, mshona viatu wa jirani, awe shahidi, akaandika karatasi kwa mkono wake na kuwasomea wapita njia kwa sauti: "Mimi Kassim, fundi, nimepima pikapu hii, nimeona kulasi imekufa, nimeichukua hivyo kwa pikipiki yangu. Hakuna kurudishiana." Mama Odile akatia sahihi huku akipangusa machozi, akaomba nakala moja. Akafunga mabido yake kwa mpira nyuma ya pikipiki. Kabla ya kufika kona machozi yalikuwa yamekauka.

Kassim akakaza koliye, akajaza maji, akaondoka. Loo, raha gani ile! Aliwapigia honi mbuzi. Alimpigia saluti polisi, na polisi akaitikia. Alishajiona kwenye njia ya Kampene akipelekea wachimbaji bidhaa, Ramla pembeni na kitenge kipya.

Mbele ya soko moshi mweupe ukajaza njia nyuma yake, na moteri ikazimika. Akachungulia chini: kukavu. Akasubiri, akafungua radiatere, akawasha kidogo. Maji yakatoa povu mithili ya uji jikoni, na juu yake kikaelea kipande cha yai lililoiva, kimeshikana na unga wa muhogo.

Kassim alilijua yai lile. Miaka ya vita, wakati hakuna kipuri kilichofika Kindu, madereva waliziba kulasi zilizopasuka kwa mayai na unga ili wafike Pangi. Yeye mwenyewe alipika mengi. Basi kulasi ilikuwa imekufa kweli: mara ya kwanza maishani alikuwa amesema ukweli, na aliusema mbele ya mashahidi. Nani angeinunua pikapu hii kwake sasa?

Alimkuta Mama Odile palepale sokoni, akipima mawese kwenye chupa, pikipiki pembeni.

"Mama, umeniibia."

Wanunuzi wakageuka. Mama Odile akatoa karatasi kifuani. "Hii mwandiko ni ya nani?"

"Yangu."

"Uliandika uongo?"

Kassim akafungua mdomo, ule mdomo wake hodari. Akautazama umati. "Hapana, mama."

"Basi wewe ndiyo fundi kabisa. Nilipitisha hii motokari kwa mafundi watatu. Kila mumoja aliona koliye, akaikaza bure na kunitakia safari njema. Kila mara nikashuka kwa kona nikailegeza tena. Nilianza kukata tamaa, papa, nikisema Kindu haina tena mwizi." Akamjazia chupa ndogo ya mawese. "Chukua. Ile yako iko na masizi."

Kassim akaipokea, maana alilelewa vizuri. Akaenda nyumbani kwa miguu, akipita njia ndefu kuliko zote alizozijua. Ramla alikuwa amesimama mlangoni, kichwa ameinamisha kidogo, akisikiliza kama pikipiki inakuja.