Malalamiko ya Mume Aliyegeuzwa Alama ya Ukutani

Mwalimu Mheshimiwa,

Pole na kazi ya kuzungusha watu. Mimi ni fundi saa, nafanyia kazi nyumbani, na ni mume wa yule mwanafunzi wako wa baleti, darasa la kati, mwenye miaka hamsini na miwili. Naandika kwa adabu zote, ingawa maji yamenifika shingoni.

1. Ulimwambia kwamba kabla ya kuzunguka ajifunze kusimama kwa mguu mmoja. Sasa anapiga mswaki kwa mguu mmoja, anamenya vitunguu kwa mguu mmoja, na juzi alimpokea mama mkwe wake mlangoni, yaani mama yangu mzazi, kwa mguu mmoja. Mama aliniita pembeni akauliza kama ule mwingine una jipu.

2. Akizunguka hutua kwa kishindo, meza yangu ikatikisika, na skrubu za saa zikaruka. Wiki hii nimetambaa chini ya kabati mara tatu.

3. Hili ndilo zito. Ulimfundisha kwamba anayezunguka huchagua kitu kimoja kisichosogea na kukikazia macho. Mwili ukigeuka, kichwa kibaki nyuma, kisha kigeuke upesi kukitafuta kitu kilekile. Kalenda ipo. Swichi ya taa ipo. Amenichagua mimi! Nilipouliza sababu, akasema humu ndani hakuna kitu kinachokaa mahali pamoja kunizidi. Ndoa ya miaka ishirini na sita, mwalimu.

Tangu siku hiyo sina ruhusa hata ya kukohoa. Chai inapoa naitazama. Jumatano niliinama kuokota kibano changu, akanikosa, akaenda kuikumbatia friji. Lawama zote nikabebeshwa mimi.

4. Mbaya zaidi, anaweza. Juzi jioni alizunguka mara mbili, akasimama imara kwa ncha za vidole, akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu watoto wahame. Akifaulu mtihani wa Jumamosi atapanda darasa la juu, ambako nasikia huzunguka mara tatu. Mimi nitakuwa sanamu mpaka lini?

Kwa hiyo naomba umfelishe. Si kwa ukatili. Jifanye tu umekosea kuhesabu.

Nisalimie wanafunzi wenzake wote, mpiga piano, na yule mama wa mapokezi anayemwazima mke wangu pini za nywele.

Ni mimi, nisiyesogea,
Fundi Saa

Nyongeza: Sasa hivi nimeambiwa kwamba chumba cha mtihani hakiruhusu jamaa kuingia. Hivi mna akili kweli? Atamtazama nani? Amefanya mazoezi miezi minane huku akinitazama mimi, halafu siku yenyewe mmpe ukuta? Wateja wangu nimeshawaambia Jumamosi sipo. Naomba kiti kimoja, mkabala naye. Sitakohoa. Tafadhali kisiwe cha magurudumu.