Mukubwa Mwenye Sakoshi

Leo nimeumbuka kwa mudomo wangu mwenyewe, nikiwa nimesimama wima, nimefunga karavati. Nawaelezea sasa, kabla hamujasikia kwa wengine, maana Bukavu hii habari inapanda Kadutu na kushuka Nyawera kabla hujavaa viatu.

Wenye hamunijui muzuri: niko na miaka arobaini na sita, nafundisha shule ya primaire, na nimerudia masomo kutafuta diploma ya juu. Darasani mimi ndiye CP, mukubwa wa promotion, mwaka wa tatu huu. Vijana wananiita Papa CP. Leo saa tano ilikuwa kura ya kuchagua CP, na mimi niliitaka ile nafasi kuliko hata hiyo diploma. Nilikuwa na hakika nitachaguliwa tena. (Karavati haikuwa ya bure.)

Juma lililopita Assistant, mwalimu wetu wa chuo, alitupa kazi ya kuandika. Uchague shida moja, uiandike mara mbili: kwanza kwa kubembeleza na kushawishi, kisha kwa dhihaka. Halafu ulinganishe, useme ipi inamufikia mutu. Hakuna majina, namba tu. Akazikusanya, akazichanganya, akazigawa. Kila mutu akosoe kazi ya mwenzake, aipe pointi, na leo aje kusoma maoni yake mbele ya wote.

Mimi nikaangukia namba kumi na saba.

Ndugu zangu, nimesahihisha makaratasi miaka ishirini, na sijaona kitu kama kile. Barua ya kwanza ni wamama wa soko wanamuomba mukubwa wao kwa heshima: paa inavuja, mvua inanyeshea unga, atufikishie neno kule juu. Sawa, imeandikwa vizuri. Lakini ya pili inamusifu huyo mukubwa, na hapo nilishika kichwa. Nawanakilia kidogo:

"Mukubwa wetu iko na sakoshi, mufuko wa ngozi wa mafaili. Ukimuletea shida, anaipokea kwa mikono miwili, anaitia mule ndani, anaigonga mara mbili, paf paf, anasema: iko kwenye dossier. Tangu hapo shida yako inapumuzika. Na akiongea, anaanza na 'kwa ufupi'. Mama Neema alitoka kwenye 'kwa ufupi' akiwa na mimba, akarudi na mutoto mugongoni, akatukuta bado tuko kwenye pointi ya kwanza."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilijiuliza ni nani kati yetu anaweza kuona mutu hivi, kumukata bila kumutukana. Nikasoma mara tatu, na kila mara nikaona nimezidiwa mbali.

Leo asubuhi nikamusomea bibi yangu, mama wa Ada, akipiga pasi karavati. Alicheka mpaka akaweka pasi ya makaa pembeni. Halafu akaniangalia.

"Baba Ada, huyu mutu unamujua?"

"Namna gani simujui? Ni chef wa avenue yetu huyu, mukubwa wa mutaa, kabisa."

"Ah bon," akasema, ndiyo kusema 'kumbe', akarudilia karavati. (Ile "ah bon" nilipaswa kuisimamisha hapo hapo na kuiuliza maswali.)

Tumefika darasani, mvua ikaanza. Kule nyuma, kwenye benchi ya mwisho, Nsimire akafungua mwavuli. Ni binti wa Walungu, mutulivu sana, kwa miaka mitatu sijamusikia akisema kitu zaidi ya "présent" jina lake likiitwa. Anafanyaka vile kila mvua. Siku zote nilizania ni mambo ya vijana, sikuuliza.

Assistant akaita namba kumi na saba. Nikasimama, nikaweka sakoshi yangu mezani, nikanyoosha karavati.

"Kwa ufupi," nikasema.

Mutu akakohoa. Nikaendelea. Nilieleza kwanza maana ya kushawishi. Kisha nikaeleza historia ya dhihaka, tangu zamani. Dakika kama ishirini hivi, sikuangalia saa. Ndipo nikafika kwenye kazi yenyewe.

"Barua ya kwanza haina nguvu. Muandishi anabembeleza sana. Mukubwa wa namna hii barua hata kuifungua haifungui. Lakini ya pili! Huyu mukubwa sisi wote tunamujua, si vile?"

"Tunamujua, Papa CP," darasa zima likajibu kwa pamoja.

Nikafurahi. (Nikazania wananionyesha upendo kabla ya kura.)

"Na shida ya watu hawa," nikasema, "ni kwamba hawajijuaki."

Bahati, anayekaa mbele yangu, akalaza kichwa mezani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikazania amechoka.

"Namupa kumi na nane juu ya ishirini. Maoni mengine iko kwenye dossier."

Nikaigonga sakoshi. Mara mbili. Paf paf.

Mukono wangu ndio ulinieleza. Ulibaki pale juu ya ngozi, na masikio yangu yakasikia ile sauti ikirudi, na nikaona darasa zima linanitazama bila kupumua. Kisha wakapasuka. Assistant aligeukia ubao, akashika chaki, hakuandika kitu. Mimi nilikuwa nahesabu "kwa ufupi" zangu za miaka mitatu, na hazikwisha.

Assistant alipopata sauti, akasema: "Namba kumi na saba, ukipenda, simama."

Nsimire akasimama, chini ya mwavuli wake. Yeye hakuwa anacheka.

"Unisamehe, Papa CP. Barua kama ile ya kwanza nilikupatia ya kweli, kwa mukono wangu. Imepita mwezi."

Nikafungua sakoshi mbele ya wote. Nusu mukate. Chaja ya simu. Mwavuli wangu. Na chini kabisa bahasha, imefungwa vile vile. Nikaifungua, nikaisoma kwa sauti. Maneno ni yale yale, ila palipokuwa paa, hapa ni dirisha. "Papa CP, kioo cha dirisha la nyuma kilivunjika, mvua inatunyeshea sisi na madaftari. Tunakuomba kwa heshima utufikishie neno kwa secrétariat." Mistari sita tu. Hakuna aliyecheka. Niliinua macho, na kwa mara ya kwanza nikaona lile dirisha, na maji yanaingia.

"CP, unabaki na kumi na nane?" Assistant akauliza.

"Hapana. Ile barua niliionea, haikukosa nguvu, ilikosa mutu wa kuifungua. Namupa kumi na tisa."

Nikakaa.

Saa tano wakapiga kura. Nsimire hakuomba kitu, ni wao wenyewe waliandika jina lake. Tuko arobaini na wawili. Yeye kura arobaini na moja, pamoja na yangu. Mimi moja. Nilimufuata nikamuuliza kama anajua ile moja ni ya nani.

"Ni yangu, Papa," akasema. "Nilikupigia kura kwa sababu leo barua umeisoma."

Nilienda secrétariat na barua mukononi, sakoshi nikaiacha kwenye kiti. Nilitumia dakika mbili. Fundi wa vioo anakuja kesho.

Nimefika nyumbani, bibi yangu akanipokea karavati.

"Na ule mukubwa, mulimujua ni nani?"

"Tumemujua."

"Ah bon," akasema.

Sasa nanyi mucheke, siwezi kuwakataza. Ila naomba mucheke kwa ufupi.