Mlango Uliokatazwa Kutanuka

Wananchi wote wajulishwe kwamba, kuanzia leo, chuma cha serikali kimekatazwa kutanuka. Tangazo hilo alilitoa Mkurugenzi wetu wa Idara ya Milango ya Umma, akiwa amesimama juu ya kiti ili tumwone vizuri. Mimi, bibi ninayepika chai ya idara, nilipiga makofi mpaka kijiko kikaniponyoka.

Chanzo kilikuwa mlango wa ofisi yake: mpya, wa chuma, rangi nyeusi, unatazama jua la mchana. Fundi mchomeleaji, kijana mpole anayenibebea ndoo ya maji kila asubuhi bila kuombwa, alikuwa ameacha mwanya mwembamba kati ya mlango na fremu. Mkurugenzi akapitisha kitambulisho chake kwenye ule mwanya. Kikapita. Akaruka kama aliyekanyaga nyoka.

"Fundi! Chuma cha hapa kimekwenda wapi?"

"Hakijaenda popote, bosi. Ni nafasi tu. Jua likipiga, mlango unatanuka."

"Unatanuka kwa kibali cha nani?"

Fundi akakuna kichwa. "Ni joto, bosi. Hata sufuria ya Bibi..."

"Usimwingize Bibi kwenye wizi wako!"

Nilishukuru. Si kila mkubwa anayemtetea mpika chai namna ile.

Ikaamuliwa, kwa kauli moja ya mtu mmoja, kwamba mwanya ni upotevu wa mali ya umma. Mianya yote ya milango ya idara izibwe. Fundi aanze na huu, na jioni, Waziri anayekuja leo akishauzindua, afukuzwe kazi. Mkewe alikuwa amejifungua wiki ile ile.

Fundi akachomelea ukanda wa chuma pembeni mwa mlango, akausaga mpaka hata karatasi haipiti. Huku akisaga, alisimama akavifunika vikombe vyangu kwa shati lake visiingie vumbi. Mtu anayefukuzwa kazi, jamani!

"Pole, mwanangu."

"Asante, Bibi. Sijui tu nitamwambia nini mama mtoto."

Mchana, milango yote ikiwa imeshazibwa, Mkurugenzi akaingia ofisini kufanya mazoezi ya hotuba, akafunga mlango. Jua likaukalia. Waziri akafika, mama mmoja mtaratibu, akanisalimia mimi kwanza. Tukasubiri.

"Bosi, toka, Mheshimiwa kafika," katibu muhtasi akanong'ona kwenye tundu la ufunguo.

"Natoka!" Tukasikia bega likigonga chuma. "Natoka sasa hivi!" Bega tena.

"Mlango umekwama?" Waziri akauliza.

Katibu muhtasi akasimama wima. "Hauwezi kukwama, Mheshimiwa. Umekatazwa kutanuka."

"Umekatazwa na nani?"

"Na huyo aliye ndani."

Akaelezwa tangazo lote, na habari za fundi pia. Waziri akasikiliza kwa heshima, kama yanavyotakiwa kusikilizwa mambo ya kitaalamu. Kisha akasogea mlangoni.

"Mkurugenzi, kama mlango haukutanuka, basi unafunguka. Kama unafunguka na wewe hutoki, umenigomea. Mtumishi aliyegoma mnamfanyaje hapa?"

"Tunamfukuza jioni," katibu muhtasi akajibu haraka. Anapenda kusaidia.

"Sijagoma, Mheshimiwa!"

"Basi eleza."

Joto la mle ndani lilikuwa linamsaidia kufikiri.

"Mlango... umetanuka kidogo."

"Sema kwa nguvu. Fundi yuko huku nyuma."

"Umetanuka! Chuma kinatanuka! Fundi hana kosa, habanduki kazini! Fundi, baba yangu, nitoe!"

Fundi alishaanza zamani. Alikuwa ameloweka gunia kwenye ndoo yangu, anaupapasa mlango kwa maji, taratibu, kama anayemtuliza mtoto mwenye homa. Chuma kikanywea. Akavuta, mlango ukafunguka, na Mkurugenzi akatoka ameloa kuliko gunia.

Waziri hakupandisha sauti. "Milango mingine mmeshaiziba?"

"Yote, Mheshimiwa," akajibu Mkurugenzi, kwa fahari iliyomtoka bila kujua.

"Vizuri. Kuanzia kesho utamshikia fundi ngazi mpaka mianya yote irudi. Yeye ndiye atakayeniambia umemaliza. Fundi, atahitaji nini?"

Fundi akamtazama bosi wake kwa huruma. "Kofia, Mheshimiwa. Huko nje jua ni kali."

Akavua ya kwake, akamvisha. Ilimbana sana. Nadhani ni kwa sababu kichwa kile kilikuwa kimekaa kwenye joto muda mrefu.